Kuku wa Mayai Asilale Miguu: Kulinda Mifupa Kuanzia Kifaranga Hadi Anapotaga

Swali ni lile lile kila mara: "Kuku wangu alikuwa anakula vizuri, anataga kila siku, leo asubuhi nimemkuta amelala ubavu hawezi kusimama. Nimpe dawa gani?" Anayeuliza huwa ameshanunua antibayotiki na vitamini ya kuchanganya kwenye maji, na kuku bado wanalala, leo mmoja, kesho wawili.

Naanza na jibu fupi. Kama kuku yuko macho, anadonoa ukimpelekea chakula mdomoni, na ndiye aliyekuwa anataga sana kuliko wenzake, mara nyingi hana kidudu chochote. Mifupa yake imeisha. Ganda la yai moja linachukua gramu 2 hivi za kalsiamu, na mifupa yote ya kuku mzima ina gramu kama 20 tu. Piga hesabu mwenyewe: chakula kisipoleta kalsiamu ya kutosha, kuku anaichota mifupani, na akiba hiyo haiwezi hata kumaliza trei nusu. Hataacha kutaga mapema ili ajiokoe. Ataendelea mpaka miguu ikatae.

Mimi nimeyajua haya kwa hasara. Kundi langu la kwanza la kuku wa mayai, 200, niliwaacha kwenye chakula cha groa (cha kuku wanaokua, chenye kalsiamu kidogo) mpaka nikawa nakusanya trei tatu kwa siku, kwa sababu groa ilikuwa bei nafuu. Nilijiona mjanja kweli. Wiki chache baadaye nikamkuta wa kwanza chini ya kiota: macho mang'avu, kilemba chekundu, anadonoa pumba kiganjani mwangu, lakini miguu imenyooka kama ya mdoli. Nilipompapasa tumbo, yai lilikuwa bado ndani.

Mwongozo huu ni wa mfugaji wa kuku wa mayai wa kisasa au chotara wanaotaga sana. Kuku wa kienyeji anayezurura juani na kutaga kwa msimu hapati tabu hii kwa urahisi.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Mzani wa kupimia kuku na mwingine mdogo wa kupimia madini. Kukadiria kwa kopo la maziwa ndiko kunakoharibu.
- Chokaa ya mifugo, ya unga na ya chengachenga. Maganda ya chaza au konokono yaliyosagwa nayo yanafaa.
- DCP (daikalsiamu fosfeti, unga wa kalsiamu na fosforasi), au unga wa mifupa iliyochomwa vizuri. Mifupa mibichi iliyopondwa tu usiguse, inaweza kubeba kimeta.
- Primiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kuku wa mayai ambayo muda wake haujaisha.
- Chumvi ya kawaida.
- Kipande cha wavu wa mbu wa dirishani, kwa ajili ya kuchekecha.
- Siki au ndimu moja. Utaona ni ya nini.
- Daftari. Simu inaibiwa, daftari linabaki bandani.

Hatua ya 1: Jenga mifupa kabla hujafikiria mayai

Kuku anamaliza karibu umbo lote la mifupa yake akiwa na wiki 12 hadi 13. Ukimbania chakula katika kipindi hicho, huwezi kumfidia baadaye. Atanenepa, lakini fremu itabaki ndogo. Kwa hiyo chakula cha vifaranga na cha groa kisiwe pumba tupu. Kiwe na kalsiamu karibu asilimia 1, fosforasi inayoyeyushwa tumboni karibu nusu ya hiyo, na primiksi.

Ukiona vifaranga wa wiki mbili au tatu wanachechemea, midomo inapindika ukiibonyeza kama mpira, na magoti yamevimba, hayo ni matege. Mara nyingi ni vitamini D3 au fosforasi iliyokosekana, na chanzo kikubwa ninachokiona ni primiksi iliyokaa dukani kwenye joto mwaka mzima.

Kosa la hatua hii liko upande wa pili pia: kuwapa vifaranga au mitetea chakula cha leyazi (cha kuku wanaotaga) "ili wakue haraka". Chakula cha leyazi kina kalsiamu mara nne ya wanayohitaji. Ziada hiyo inaenda kuua figo, na ukimpasua kuku aliyekufa hivyo utakuta kitu cheupe kinachofanana na chokaa kimetapakaa juu ya ini na moyo kama unga wa muhogo. Figo zikishaharibika hazirudi.

Hatua ya 2: Pima uzito wiki ya 16 hadi 18

Chukua kuku 20 bila kuchagua, uwapime mmoja mmoja. Mtetea wa kahawia wa kisasa awe karibu kilo 1.4 hadi 1.5 akiwa na wiki 17 au 18. Mwongozo wa aina ya kuku wako utakupa namba kamili; muulize aliyekuuzia vifaranga.

Walio wepesi usiwawashie taa usiku kuwaharakisha. Taa inaliita yai hata kama mwili haujawa tayari, na kuku aliyeanza kutaga akiwa mdogo ndiye huyo utakayemwokota sakafuni miezi michache mbele. Huku kwetu mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima. Wape chakula zaidi, subiri uzito, kisha ongeza mwanga taratibu, nusu saa kila wiki, hadi jumla ya saa 14 au 15.

Hatua ya 3: Badilisha chakula kwa wakati wake

Hatua hii nakuomba uisome mara mbili. Kama wiki mbili kabla ya yai la kwanza, mwili wa mtetea unaanza kutengeneza mfupa wa pekee ndani ya mashimo ya mifupa mirefu. Huo ndio mkoba wake: mchana anaweka, usiku anatoa kwa ajili ya ganda. Asipopata kalsiamu katika siku hizo, anaanza kazi mkoba ukiwa mtupu.

Dalili unaziona: kilemba kinakuwa chekundu na kikubwa, ukimsogelea anachuchumaa, anaanza kuchungulia viota. Hapo fanya hivi:

1. Changanya groa nusu na leyazi nusu. Utapata kalsiamu kama asilimia 2.4, inatosha kwa maandalizi.
2. Walishe mchanganyiko huo kwa siku 10 hadi 14, usizidishe.
3. Ukianza kuokota mayai 3 hadi 5 kwa siku katika kuku 100, hamia leyazi kamili siku hiyo hiyo. Gunia la groa lililobaki likusubiri kundi lijalo, au mpe jirani.

Yaani usiwe kama mimi. Fedha niliyookoa kwenye groa haikufika hata robo ya kuku niliowapoteza.

Hatua ya 4: Hakikisha chokaa yako ni chokaa ya kulisha

Niliwahi kwenda duka moja la vyakula vya mifugo, kijana akanichotea kutoka mfuko usio na maandishi. Nikauliza ni ya mifugo? Akajibu, "Bosi, chokaa ni chokaa." Si kweli. Kuna chokaa ya kujengea na kupaka ukuta, inayounguza. Kuna ya shambani yenye magnesiamu nyingi, inayoharisha kuku na kuzuia kalsiamu isitumike. Na kuna ya mifugo, ambayo ni jiwe la chokaa lililosagwa tu bila kuchomwa.

Jipime mwenyewe. Weka kijiko kimoja cha chai kwenye glasi, mimina siki au kamulia ndimu. Ya mifugo itachemka povu papo hapo, utaisikia hata sauti. Ya shambani yenye magnesiamu inatoa povu kivivu. Isiyotoa povu, halafu ukiilowesha inateleza vidoleni kama sabuni, ni ya kujengea: nawa mikono, usimpe kuku. Jaribio hili halikuambii asilimia, ila linakuepusha na balaa kubwa.

Mbolea ya fosfeti nayo haiwi mbadala wa DCP, hata kama mtu atakuambia vyote ni fosforasi. Fosfeti ghafi ina floridi nyingi, na floridi ikizidi inaharibu mifupa ile ile unayotaka kuiokoa.

Hatua ya 5: Changanya kwa kipimo

Kama unanunua leyazi kamili ya kiwandani, ruka hatua hii na usiongeze chokaa ya unga ndani yake. Kama unatumia konsentreti (mchanganyiko wa kiwandani unaoongezwa kwenye nafaka zako), fuata lebo, kwa sababu nyingi zina madini tayari.

Anayechanganya mwenyewe, sehemu ya madini kwa kilo 100 za chakula iwe hivi:

- Chokaa ya mifugo au maganda yaliyosagwa: kilo 8.5 hadi 9
- DCP kilo 1.5, au unga wa mifupa kilo 2.5
- Chumvi gramu 300. Kama dagaa wako wana chumvi, punguza.
- Primiksi: kama lebo inavyosema, wala si "kidogo zaidi kwa baraka"

Hapo unapata kalsiamu kati ya asilimia 3.7 na 4. Usiache DCP au mifupa kwa kusema pumba na mashudu yana fosforasi. Yanayo, lakini theluthi mbili hivi imefungwa na kuku hawezi kuifungua tumboni. Na kalsiamu bila fosforasi haijengi mfupa.

Vitu vidogo (primiksi, chumvi, DCP) changanya kwanza na kilo 5 za pumba kwenye beseni, kisha hizo kilo 5 ndizo uzimwage kwenye rundo kubwa na kugeuza kwa koleo mara nne au tano. Ukizitupia moja kwa moja juu ya gunia, kuku mmoja atakula primiksi ya wiki na mwingine hataiona kabisa.

Mahindi yenye ukungu usiyaweke hata kama ni ya bure. Sumukuvu inashambulia ini, na ini ndilo linaloanza kuiandaa vitamini D3 ifanye kazi. Unaweza kuwa na madini yote sawasawa na bado kuku wakalala.

Hatua ya 6: Theluthi mbili ya chokaa iwe chenga

Ganda linatengenezwa kwa saa 20 hivi, na kazi kubwa inafanyika usiku kuku akiwa amelala, hali chochote. Chokaa ya unga aliyokula mchana imeshapita. Ya chenga inakaa kwenye firigisi, inayeyuka polepole, na usiku wa manane bado inatoa kalsiamu. Asipokuwa nayo anachota mfupani kila usiku.

Chekecha kwa wavu wa mbu: inayopita ni unga, inayobaki juu ni chenga. Unatafuta ukubwa wa punje ya uwele hadi ya mtama, yaani milimita 2 hadi 4. Kama chokaa yako yote inapita, nunua maganda ya konokono au ya chaza yaliyopondwa uongezee. Mtu wa pwani anayeokota mwenyewe ayaloweke na kuyasuuza maji baridi mara mbili ili chumvi itoke, ayaanike, ndipo ayatwange. Maganda ya mayai ya nyumbani pia yanafaa: yakaange mpaka yakauke kabisa, uyaponde yasionekane tena kama yai. Ukiwatupia vipande vikubwa unawafundisha kula mayai yao.

Hatua ya 7: Lisha zaidi jioni

Kuku hutamani kalsiamu alasiri, kabla ya kupanda kulala. Gawa chakula mara mbili: asubuhi theluthi moja au zaidi kidogo, na kilichobaki kuanzia saa tisa alasiri. Saa kumi weka chenga za maganda kwenye chombo cha pembeni, kama gramu 3 hadi 5 kwa kuku, ajihudumie anayetaka. Vyombo viishe kabisa mara moja kwa siku ili unga wa chini, ambako primiksi huzama, nao uliwe.

Banda lenye mchanganyiko wa kuku wanaotaga, mitetea na jogoo? Walishe wote groa, kisha chombo cha maganda kiwe pembeni muda wote. Anayetaga atakula, asiyetaga atadonoa kidogo na kuacha. Si kamili kwa kuku wa kisasa wanaotaga kila siku, lakini ni bora kuliko kuwapa vijana leyazi.

Hatua ya 8: Jua, mazoezi, maji

Jua likigusa ngozi ya kuku moja kwa moja linatengeneza vitamini D3. Kupitia kioo au plastiki haliwi na kazi hiyo. Banda la wavu lenye uwanja mdogo linasaidia sana. Kuku wa vizimbani chini ya bati anaishi kwa primiksi peke yake, kwa hiyo usimbanie hapo. Weka na vijiti vya kulalia vya chini chini. Mfupa unaobeba uzito na kuruka unakuwa mgumu kuliko wa kuku anayesimama mahali pamoja mwaka mzima.

Maji yakikosekana hata nusu siku, chakula hakiliwi. Na chakula kisipoliwa, kalsiamu yako imebaki kwenye kilishio.

Hatua ya 9: Kagua kila wiki

Kamata kuku 10. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari: uwe umenyooka na mgumu. Ukiupata umejikunja kama herufi S au una kibonyeo, mifupa imeanza kulainika. Angalia mayai pia. Andika yaliyopasuka, yenye ganda jembamba na yasiyo na ganda. Namba ikipanda ghafla usisubiri kuku alale.

Pima na chakula wanachokula. Kuku akila gramu 110 za chakula chenye asilimia 3.8, anapata gramu 4.2 za kalsiamu, na hicho ndicho kiasi anachohitaji kwa siku. Joto la Dar la Januari likimshusha hadi gramu 90, anapata 3.4. Chakula ni kile kile, lakini sasa kina upungufu. Siku hizo lisha alfajiri na jioni, maji ya baridi, na uongeze maganda pembeni.

Matatizo na la kufanya

*Kuku amelala, yuko macho, anakula.* Mtoe kwa wenzake sasa hivi, watamkanyaga. Mweke sakafuni kwenye maranda makavu, chakula na maji vifikike bila kusimama. Mpe chokaa ya mifugo robo kijiko cha chai kwenye tonge la chakula kilicholoweshwa, na chenga za maganda mbele yake. Vitamini yenye D3 kwenye maji kwa siku tatu hadi tano, kwa kipimo cha lebo. D3 ikizidi nayo ni sumu. Wengi husimama ndani ya siku nne hadi saba. Aliyevunjika mguu au uti wa mgongo hatasimama, mchinje usimtese. Halafu rudi kwa kundi zima, maana aliyelala ni wa kwanza tu.

*Kalsiamu ipo lakini maganda bado mepesi.* Angalia kwa mpangilio: primiksi imekaa muda gani, chokaa ni unga mtupu, DCP ipo, wanakula kiasi gani. Kama kuku wamezeeka, zaidi ya wiki 70, ganda kuwa jembamba ni kawaida kwa kiasi, kwa sababu yai linakuwa kubwa na ganda ni lile lile. Ganda likibadilika ghafla pamoja na kukoroma au mayai kupungua sana, fikiria mdondo au mafua ya kuku, mwite daktari wa mifugo.

*Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma.* Huo mara nyingi ni ugonjwa wa Marek, wengine huuita mahepe, na huwapata sana mitetea kabla ya kutaga. Chokaa haitasaidia. Chanjo yake hutolewa kifaranga akiwa na siku moja, kwa hiyo muulize aliyekuuzia.

*Kinyesi kimekuwa majimaji na cheupe baada ya kuongeza chokaa.* Umezidisha. Zaidi ya asilimia 5 ya kalsiamu chakula kinakuwa kama vumbi, kuku wanakikataa, na tatizo linarudi kwa mlango mwingine.

*Nashuku chakula nilichonunua.* Chota kidogo kidogo kutoka magunia matano, changanya, peleka kilo moja maabara wakapime kalsiamu na fosforasi. TVLA (wakala wa maabara za mifugo Tanzania) wapo Temeke, Dar es Salaam, na kwenye kanda, na SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro nao wana maabara. Andika tarehe ya gunia na ubaki na sampuli nyingine nyumbani, ili ukirudi dukani uwe na cha kuonyesha.

*Kuku wanavunjika tukiwakamata kuuza.* Kuku mzee wa mayai ana mifupa kama njiti. Kamateni usiku kwa tochi hafifu, mshikeni miguu yote miwili huku mkono wa pili ukibeba kidari. Mnunuzi anayewabeba watano kwa mguu mmoja mmoja, mlipishe kwanza ndipo abebe.